Aliyetuuzia kulowa alianza kwa kuuza ukavu

Wadau wa kibaraza hiki, nimekuwa kimya wiki mbili. Sikuumwa, ni kazi za mhariri tu. Leo tuzungumze jambo linaloonekana la kitoto, lakini nyuma yake kuna historia.

Oktoba mwaka jana nilikuwa Uingereza kwa semina ya waandishi. Jumamosi moja binamu yangu anayesoma huko akanipeleka kwenye bustani ya burudani. Kuna mchezo mmoja pale: mnapanda mashua iliyochongwa kama gogo, inavutwa juu taratibu, halafu inaachiwa iporomoke mpaka bwawani. Mlangoni wanauza makoti ya plastiki. Binamu akanunua lake. Mimi nikapiga hesabu kwa shilingi, nikaona hicho ni chakula changu cha siku tatu kwa mama lishe. Nikagoma.

"Kaka, utajuta," akaniambia.

"Mimi nimekulia Tanga," nikamjibu. "Maji gani ya kunitisha?"

Nilijuta. Maji ya Tanga ni ya joto, bwana! Huku suruali ya jinzi ilikunywa maji ikawa nzito, upepo ukapita, meno yakaanza kugongana. Nguo ya pamba ikilowa haitunzi joto tena, na maji yanapokauka mwilini yanaondoka na joto lako. Nikiwa nimejikunja kwenye benchi nikajiuliza: nani aliyeanzisha biashara hii ya kuwatoza watu hela ili awamwagie maji?

Nilivyorudi nikaanza kusoma, na niliyemkuta alinichekesha. Anaitwa Paul Boyton. Kabla ya kuwa mfanyabiashara wa michezo ya maji, Boyton alijulikana duniani kwa jambo moja tu: kukaa kwenye maji baridi bila kulowa.

Ilikuwa hivi. Mmarekani mmoja, C. S. Merriman, alibuni vazi la mpira la kuwaokoa abiria wa meli zinazozama. Lilifunika mwili wote isipokuwa uso, na lilikuwa na vifuko ambavyo mvaaji alivijaza hewa kwa kupuliza kwenye mirija. Ukishavaa unaelea chali kama mtumbwi, unapiga kasia. Boyton akawa mtu wa kulitangaza. Mei 1875 alivuka nalo mlango wa bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza, safari ya karibu saa 24. Agosti mwaka huohuo Kapteni Matthew Webb aliogelea kati ya nchi hizo bila vazi lolote la namna hiyo, amejipaka mafuta ya pomboo tu, kwa saa 21 na dakika 45. Historia ya uogeleaji ikamkumbuka zaidi Webb. Boyton akabaki na vazi lake, na jina la kuvutia umati.

Vazi lenyewe lisingewezekana miaka 60 kabla. Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa cha mpira kisichopitisha maji mwaka 1823, lakini makoti yale yalinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Charles Goodyear wa Marekani ndiye aliyepata dawa: kuupika mpira pamoja na salfa. Hataza yake ni ya mwaka 1844. Tangu hapo mpira ukastahimili baridi.

Sasa njoo kwenye burudani. Mwaka 1884, huko Rock Island, jimbo la Illinois, J. P. Newburg alijenga mteremko wa mashua kwenye kilima kilicho kando ya mto. Boyton akauchukua mchezo ule, akaujenga Chicago mwaka 1894, na mwaka 1895 akafungua Sea Lion Park pale Coney Island, New York. Akaizungushia uzio, akatoza kiingilio. Wanahistoria wengi huitaja kuwa bustani ya kwanza ya namna hiyo.

Lakini tazama picha za zamani za mchezo ule. Akina mama wamevaa magauni marefu na kofia, akina baba wamevaa suti. Mashua zilikuwa bapa chini, pua imepinda juu, ili zikifika bwawani ziruke juu ya maji kama kijiwe kilichorushwa na mtoto ziwani. Utamu ulikuwa ule mruko. Kumlowesha mteja chapachapa hakukuwa lengo. Unajua kilichomwangusha Boyton? Mvua! Kiangazi cha 1902 kilinyesha mno, wateja wakaadimika, akaikodisha bustani. Mwaka 1903 pakafunguliwa Luna Park mahali palepale.

Magogo kama lile langu yalikuja mwaka 1963, Six Flags Over Texas ilipofungua mchezo wa kampuni ya Arrow. Mwaka 1980 bustani ya AstroWorld, Houston, ikaleta maboya ya duara yanayozunguka kwenye maji ya kasi. Huko kulowa ndiyo shughuli yenyewe. Leo unalipa ulowe, unalipa koti usilowe, na bustani nyingine zina kibanda cha hewa moto unacholipia ukauke.

Tusicheke tu. Mpira wa mwaka 1875 ulitoka zaidi misitu ya Amazon, kwa hiyo simtwishi Boyton dhambi isiyo yake. Ila miaka ileile Wamarekani walipokuwa wakipiga kelele za furaha Coney Island, jirani zetu wa Kongo walikuwa chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Kuanzia 1885 hadi 1908 nchi ile ilikuwa kama mali yake binafsi. Wanakijiji walilazimishwa kuleta mpira, wake zao wakashikwa mateka, watu wakakatwa mikono. Mpira ule ulikwenda kwenye matairi, mabomba na mavazi ya kuzuia maji. Ukavu wa mtu wa Ulaya ulikuwa na bei, na aliyeilipa hakuwa mvaaji.

Wiki iliyopita mvua ilinikuta kituoni Ubungo. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa amejifunika kipande cha nailoni, na nusu ya nailoni hiyo ameifunika ndizi. Nikamkumbuka binamu. Kulowa ni mchezo kwa mwenye nguo kavu zinazomngoja. Yule mama alikuwa na nailoni tu, na daladala haijaja.

Mkienda huko kwenye baridi, acheni jinzi. Vaeni koti la plastiki mapema, likalieni maana kiti nacho kina maji, likunjeni magotini, na soksi kavu zibaki kwenye begi. Msinunue ubishi kama mimi.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.