Nani Alipita Mlango Ule wa Bagamoyo?

Pale misheni ya Wakatoliki Bagamoyo kuna mnara wa kanisa la zamani, na mlangoni pana kibao kinachosema kwamba Dk. David Livingstone alipita hapo. Nimeshakipita kibao hicho mara kadhaa bila kukijali. Safari hii nikasimama, nikajiuliza: hasa ni nani aliyepita?

Maana Livingstone alifikishwa hapo Februari 1874 akiwa amekufa tangu Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao waliutoa moyo wake na matumbo, wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo, gome la mti na turubai. Kisha wakaubeba kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500, hadi pwani. Wengi husema jina Bagamoyo limetokana na "bwaga moyo". Mzee huyu wake alikuwa ameshaubwaga mbali!

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha njiani. Walipopita Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wakafika Kasekera, ambako wenyeji hawakutaka maiti ipite. Wabebaji wakafunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe, eti wanakwenda kuzika. Maiti yenyewe wakaifunga upya kama robota la nguo. Usiku ule mabua yakawa maiti, na maiti ikawa nguo.

Zikawa kweli? Hapana, na hapo ndipo falsafa inapoingia. Tangu Aristotle, wanafalsafa wametenganisha mambo ambayo kitu kinaweza kuyapoteza kikabaki kilekile, na yale ambayo kikiyakosa hakipo tena. Umbo la mzigo na jina unaloitwa na wapita njia ni ya kundi la kwanza. Je, la pili lina nini?

Unaweza kujibu: alama. Mwili ulipofika London, daktari Fergusson aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ambao simba aliuvunja mwaka 1844. Ushahidi mzuri, lakini hebu fikiria: kama simba yule angelala siku ile, Livingstone asingekuwa Livingstone? Angekuwa yuleyule, mwenye mkono mzima. Alama inatusaidia kumtambua mtu. Haimfanyi awe yeye.

Mmarekani Saul Kripke, katika mihadhara yake ya mwaka 1970, alitoa jibu jingine. Meza iliyochongwa kwa gogo hili ungeweza kuipaka rangi yoyote, au kuipeleka chumba chochote. Lakini meza hiyohiyo isingeweza tangu mwanzo kuchongwa kwa gogo jingine; hiyo ingekuwa meza nyingine inayofanana nayo. Vivyo hivyo, mtu asingeweza kuzaliwa na wazazi wengine akawa yeye. Kinachomfunga mtu na nafsi yake ni chimbuko lake. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo yote mawili, mahali kitu kilipotoka na jinsi kilivyo kwa ndani: asili.

Ndiyo maana namfikiria Jacob Wainwright. Alizaliwa Myao, akatekwa utumwani, akaokolewa, akasomeshwa Nasik, India, akapewa dini mpya na jina la Kiingereza. Karibu kila kitu cha nje kilibadilishwa. Mtoto wa wazazi wale Wayao hakubadilishwa na mtu mwingine.

Na wako maelfu walioletwa Bagamoyo na misafara, wakihesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Vitabu vya wafanyabiashara viliwaita bidhaa. Kuitwa bidhaa hakukuwafanya bidhaa, kama vile robota halikuifanya maiti ya Livingstone kuwa nguo. Mnunuzi alibadilisha jina na bei tu. Asili yao hakuweza kuigusa.

Livingstone alizikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya wale waliombeba toka kwa Chitambo, Wainwright peke yake ndiye aliyekuwepo. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya mazishi.

Kwa hiyo nani alipita mlango ule? Ulipita mwili uliokaushwa, usio na moyo. Walipita pia watu wazima kabisa, wenye mioyo yao, mabega yakiwauma. Kibao kinamtaja mmoja tu. Wewe ungeandika nini?