Maporomoko ya Karura wakati wa masika: Anzia mtoni, si barabarani

Msitu wa Karura, ulioko kaskazini mwa jiji la Nairobi, una ukubwa wa takriban hekta 1,041 na ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Kati ya njia nyingi zinazoukata, mojawapo ya zile zinazopendwa mno ni ya mzunguko inayouandama Mto Karura hadi kwenye maporomoko ya maji, kisha ikapanda na kurejea langoni kupitia sehemu za juu. Mtu wa mwendo wa wastani huikamilisha kwa saa mbili au tatu. Wakati wa kiangazi aweza kuianza upande wowote. Msimu wa masika, baina ya Machi na Mei, upande wa kuanzia huwa ni suala la usalama.

Aghalabu wageni huingia kwa lango la Barabara ya Limuru, wakashika barabara pana ya juu na kuyaweka maporomoko yawe kilele cha safari. Kwa namna hiyo hufika mtoni alasiri, ambapo mvua ya Nairobi hupenda kuanza, wakiwa wamechoka na njia ya utelezi ingali mbele yao. Afadhali kinyume chake: mto uandamwe asubuhi, miguu ikiwa ingali na nguvu, na barabara ya juu ibakizwe kuwa ya kurejea. Mvua ikimkuta mtu huko juu itamlowesha tu.

Karura si mto mkubwa. Miezi ya ukavu ni kijito tu, na mawe yake huonekana. Hata hivyo, maji yake hutoka upande wa nyanda za juu za Kiambu na kupitia mitaa iliyojaa mapaa, lami na saruji, ambako mvua haina pa kuzama. Ikinyesha huko, mto hufura kwa muda mfupi hata kama jua linawaka juu ya maporomoko. Kuitazama mbingu iliyo juu ya kichwa chako, kwa hiyo, hakutoshi.

Jambo hili limewahi kugharimu maisha nchini. Mnamo Septemba 1, 2019, watu saba walifariki baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla kwenye korongo la Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Korongo lile ni jembamba na kuta zake ni ndefu kuliko kingo za Karura, lakini kanuni ya maji ni ile ile: yanayomfikia mtu huenda yalinyesha mahali asipopaona. Masika ya mwaka wa 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 kote nchini, yalionyesha jinsi mito midogo ya Nairobi inavyoweza kugeuka mikubwa kwa usiku mmoja.

Mto wenyewe hutoa ishara. Maji yaliyokuwa meupe huanza kuwa ya rangi ya udongo, vijiti, majani na takataka huja kwa wingi, mngurumo hubadilika, na jiwe lililokuwa wazi punde tu hufunikwa. Anayeona hata moja kati ya hizo na apande juu mara moja, wala asingoje kupiga picha. Asijaribu pia kuvuka palipofurika, kwani maji ya kina cha magoti yaendayo kasi yana nguvu ya kumwangusha mtu mzima.

Maporomoko yenyewe yanastahili safari hiyo. Kipindi cha mvua hupata unene usioonekana Januari, na manyunyu yake huwafikia watazamaji. Ngazi za kuteremkia huwa na utelezi, na udongo mwekundu wa eneo hilo ukilowa hunata kwenye soli hadi kiatu kikose mshiko. Viatu vya mpira laini havifai kabisa. Wala maji hayo yasinywewe: mto hupokea majitaka ya mitaa ya juu, na povu linaloonekana chini ya maporomoko halitokani na kasi ya maji pekee.

Si mbali na hapo kuna mapango ambayo inasimuliwa kwamba yalitumiwa na wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950. Mvua ikinyesha, vishawishi vya kujihifadhi humo ni vingi, lakini yapo kando ya mto ule ule.

Kwenye barabara ya juu mtembezi huwapata mbega, waliorejeshwa msituni humo kuanzia mwaka wa 2014, pamoja na kima. Njia panda zina nguzo zenye nambari. Ni busara kuzikariri zile za kutokea mtoni kabla ya kuteremka, maana ukungu na haraka humpoteza hata mwenyeji. Msitu huu ungekuwa mitaa ya makazi leo lau si upinzani ulioongozwa na Profesa Wangari Maathai, ambaye alishambuliwa na kujeruhiwa hapo Januari 8, 1999 alipokwenda kupanda miti.

Ada ya kiingilio hulipwa kwa simu. Kabla ya kulipa, waulize walinzi langoni kama njia ya mto imefunguliwa siku hiyo. Ikiwa imefungwa, sehemu za juu bado zina matembezi ya asubuhi nzima.