Mhunzi na Ufa: Nyuma ya Njia ya Four Mile

Njia ya Four Mile, katika Bonde la Yosemite huko California, ilianza kama mradi wa kutafuta pesa. Mwaka 1871 James McCauley, mhamiaji kutoka Ireland, alimwajiri John Conway amchongee njia ya kupandia kutoka chini ya bonde hadi Glacier Point. Ilipokamilika mwaka uliofuata, kila aliyepita alitozwa ushuru. Miaka ishirini tu kabla ya hapo, wanamgambo walikuwa wameingia bondeni humo kuwafurusha Waahwahneechee, wenyewe wenye ardhi. Siku hizi hakuna ushuru wa njia. Imetengenezwa upya na kurefushwa hadi ikakaribia maili tano, ila jina limebaki la maili nne.

Watalii wengi huipanda ili wafike juu wapige picha. Mimi niliishia chini zaidi, mahali ambapo wapandaji miamba huiacha na kukata njia ya mkato kuelekea mguuni mwa jabali la Sentinel. Uso wa kaskazini wa jabali hilo ni ukuta wa graniti wa mita zipatazo 460. Ukiukodolea macho utaona umechanwa wima na mistari myeusi. Kwa mbali huonekana kama alama za mkaa, lakini mingine ni mipana kiasi cha kummeza mtu mzima.

Wapandaji huupima ufa kwa viungo vyao. Ufa wa vidole au wa kiganja ni neema: unachomeka mkono, unaukunja kidogo, unanasa, unajivuta. Wa ngumi nao una adabu yake. Ukiwa mpana wa kuingia mwili mzima, unakaa ndani kama ndani ya dohani, mgongo ukuta huu na miguu ukuta wa pili, unapanda kwa kusukuma. Balaa liko katikati. Kuna ufa unaoishinda ngumi lakini unaokataa mwili. Huo unaingiza bega moja, mkono mmoja uliokunjwa kiwiko kikielekea nje, goti moja na mguu mmoja uliokazwa kisigino upande huu, vidole upande ule. Nusu ya pili ya mwili inabaki nje, hewani, ikitafuta kazi ya kufanya.

Mmoja wa watu wawili ambao njia ya kupandia uso huo wa Sentinel imeitwa kwa majina yao hakuwa mtaalamu wa nyufa hizo. John Salathé alizaliwa Uswisi mwaka 1899, mwaka uleule ambao Halford Mackinder, pamoja na Wazungu wenzake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kilele cha Batian katika Mlima Kenya. Salathé alikuwa mhunzi, akitengeneza mageti na vyuma vya mapambo huko San Mateo. Alianza kupanda miamba akiwa ameshapita miaka arobaini, baada ya kuugua na kuacha nyama, jambo ambalo mwenyewe alisema aliagizwa na malaika.

Kilichomfanya atajwe hadi leo ni chuma. Vigingi vya kushikia kamba vilivyotoka Ulaya vilikuwa vya chuma laini. Ukivigongelea kwenye ufa mwembamba wa graniti ya Yosemite vinapinda. Salathé akafua vyake vya chuma kigumu, na inasimuliwa kwamba alikitoa kwenye ekseli za gari la Ford Model A. Vigingi hivyo vilipenya pasipopenyeka, vikang'olewa, vikatumika tena. Mwaka 1947, yeye na Anton Nelson walipanda dohani ya Lost Arrow, humohumo Yosemite, kwa siku tano.

Kisha akaja Sentinel, na hapo ndipo napenda kusimama. Mwishoni mwa Juni 1950 Salathé, mwenye miaka 51, aliingia kwenye ukuta ule na Allen Steck, kijana wa miaka 24. Sehemu kubwa ya njia yao ilikuwa ni nyufa pana na madohani. Fikiria sasa: huyu ndiye fundi aliyefua vigingi vya kupenya nyufa nyembamba, na mbele yake kuna ufa ambao kigingi chake kikitiwa kinadondoka tu. Kipo chuma kiunoni, hakina pa kukaa. Katika sehemu kama hizo kabari ilikuwa mtu mwenyewe.

Hatari ya ufa mpana ndiyo hiyo hasa, wala si urefu wa ukuta. Mwenye ufa wa vidole hutega kamba yake kila baada ya hatua chache. Akiteleza, anaanguka kidogo. Mwenye ufa mpana anaweza kupanda mita nyingi bila kitu kati yake na mwenziwe aliye chini. Na hatelezi ghafla. Anachoka. Misuli inakaza, jasho linalainisha mwamba, chembe za graniti zinakwangua viwiko, mabega na vifundo vya miguu hadi nguo zinararuka, na kila sentimita anayoipata anaweza kuipoteza kwa pumzi moja. Wengine hunasa goti. Nikisema kunasa, nina maana ya mguu unaovimba ndani ya jiwe na kukataa kutoka.

Kwenye Sentinel kuna mahali paitwapo Narrows, karibu na juu. Mpandaji yuko ndani kabisa ya dohani kubwa, katika nusu giza, na kuta mbili zinakaribiana juu ya kichwa chake. Lazima aingize kichwa na kifua katika mwanya huo kutokea chini, miguu ikibaki inaning'inia bila pa kukanyaga. Akijaza mapafu, kifua kinabana na kumshikilia. Akitoa pumzi, anapata nafasi ya kusogea, na pia ya kushuka. Basi anasogea pumzi imetoka, anatulia pumzi imeingia. Mnene habishani na mahali hapo. Wengine hutafuta njia ya kupitia nje.

Steck na Salathé walitumia siku nne na nusu, katika joto kali, maji yakiwa haba mno. Walifika juu tarehe 4 Julai. Ilikuwa ndiyo safari kubwa ya mwisho ya Salathé.

Waliofuata waliipunguza njia hiyo hadi saa chache. Mwaka 1973 Henry Barber, ambaye hakuwahi kuipanda kabla ya hapo, aliimaliza peke yake bila kamba kwa saa mbili na nusu hivi. Wapo waliojipa moyo kwa hesabu za namna hiyo. Mwezi Mei 1993 Derek Hersey, Mwingereza aliyezoea kupanda bila kamba miaka mingi, alianguka hapo akafa.

Wakati huo nyufa pana zilikuwa zimeshapata wapenzi wake. Chuck Pratt ndiye aliyezigeuza kuwa sanaa. Mwaka 1961 alipanda Crack of Doom, na mwaka 1965 Twilight Zone, ufa mpana ambao kwa vifaa vya wakati ule haukuwa na kinga ya kutegemea. Baadaye zana zikaja. Craig Luebben, akiwa mwanafunzi wa uhandisi Colorado, alibuni bomba linalorefuka na kujibana kati ya kuta mbili za ufa. Randy Leavitt na Tony Yaniro nao walivumbua namna ya kupandanisha mikono miwili pamoja huku goti likishikilia uzito. Mwaka 2011 Waingereza wawili, Tom Randall na Pete Whittaker, waliumaliza ufa wa Century Crack huko Utah, paa la mwamba la mita zipatazo arobaini ambalo mtu hulipanda miguu ikitangulia, kichwa chini. Walikuwa wamefanya mazoezi miaka miwili kwenye nyufa za mbao walizotengeneza ndani ya stoo ya chini ya nyumba ya Randall, mjini Sheffield.

Nawaheshimu vijana hao wa Sheffield. Kwa ugumu hakuna ubishi kwamba wamepita mbali. Lakini wao waliufuata ufa kwa sababu waliutaka, wakiwa na zana zilizotengenezwa kwa ajili yake. Salathé aliingia kwenye ufa wa Sentinel kwa sababu ndio uliokuwa mlango, na humo kulikuwa na sehemu ambazo chuma alichokifua kwa mikono yake hakingeweza kumsaidia. Kwangu safari ya 1950 bado iko mbele ya zote.

Salathé alifariki mwaka 1992 akiwa na miaka 93. Steck alimfuata mwaka 2023, akiwa na miaka 96.