UZI: "Misitu ifunguliwe watu walime." Hadithi ilianza wapi?

Kila kampeni lazima mtu apande jukwaani aseme misitu ifunguliwe watu walime, na mwingine amjibu kwamba anataka kutumalizia maji. Hebu turudi nyuma, wote wawili wameacha nusu ya hadithi.

Reli ilipofika bara, injini zilikuwa zinakula kuni. Mtarakwa na miti mingine ya kienyeji inachukua miaka mingi kukomaa, kwa hivyo serikali ya kikoloni ikaleta miti ya kigeni: mikaratusi ya kuni, kisha saipresi na misonobari ya mbao, ambayo unakata baada ya miaka 25 hadi 30. Sasa nani angepanda?

Hapo ndipo mfumo wa shamba ulipoingia, karibu mwaka wa 1910. Familia zisizo na ardhi (nyingi zilikuwa zimepokonywa yao) zilipewa kipande msituni. Zikalima mahindi, viazi na maharagwe katikati ya miche. Ukipalilia chakula chako, umepalilia na mti wa serikali. Miti ikianza kufunika shamba, miaka mitatu hivi, unahamia kipande kingine. Ilikuwa kazi ya bei rahisi sana, na ndiyo iliyozaa misitu yetu mingi ya mbao. Tusijidanganye lakini: mara nyingi msitu wa asili ulifyekwa kwanza ndio hiyo saipresi ipate pa kusimama.

Baadaye mambo yakaharibika. Watu walilima kupita mipaka, usimamizi ukalegea, na 1987 mfumo ukapigwa marufuku. Wakulima wakatoka, msumeno ukabaki. Miti iliendelea kukatwa bila wa kupanda, na vipara vikaongezeka. Mfumo ukarudishwa miaka ya 90, ukafungwa tena 2003, halafu ukarudi kwa jina jipya, PELIS, baada ya sheria ya misitu ya 2005. Safari hii mkulima lazima apitie chama cha jamii cha msitu wake.

Ukataji wenyewe nao umefungwa mara mbili. Ile ya 1999 iliacha kampuni chache kubwa zikiendelea. Wenye viwanda vidogo vya mbao wakafunga. Ile ya Februari 2018 ilitangazwa kuwa ya siku 90, ikafika 2023. Mafundi walinunua mbao za Tanzania huku saipresi iliyopita umri ikisimama hapa.

Na katika kufunga na kufungua huko kote, mpango wa mkulima haujabadilika sana: viazi ni vyake, mbao si zake.