Kitanda na Sura: Hukumu ya Mtoto wa Zam'a

Makka ilipofunguliwa mwaka 630, Saad bin Abi Waqqas alimshika kijana mmoja akidai kwamba ni mtoto wa nduguye, Utba, aliyemwachia wasia wa kumtwaa. Abd bin Zam'a akapinga: huyo ni ndugu yake, amezaliwa na kijakazi wa baba yake, kitandani mwa baba yake. Mtume alimtazama kijana akaiona sura ya Utba waziwazi. Hata hivyo alihukumu kwamba mtoto ni wa mwenye kitanda, akampa Abd. Kisha akamwamuru mkewe Sauda, binti Zam'a, ajisitiri mbele ya kijana huyo, ambaye kwa hukumu ileile alikuwa nduguye.

Wengi huishika hukumu wakaisahau amri iliyoifuata. Kufanana kulionekana, kukazingatiwa nyumbani. Ila nasaba haikuguswa. Kabla ya hapo Waarabu walikuwa na watambuzi wa sura waliompachika mtoto baba pale wanaume kadhaa walipomwingilia mama mmoja.

Kwa mke wa ndoa, wanazuoni waliijenga kanuni imara. Mtoto aliyezaliwa miezi sita au zaidi tangu ndoa ni wa mume, na mume anayemkana hana budi kula viapo vinne, na cha tano ajiapize laana ya Mungu iwapo anasema uongo. Uvumi wa mtaa haumvui mtoto jina la baba.

Kwa suria mambo yalikuwa magumu zaidi. Wahanafi hawampi bwana mtoto wa kwanza wa suria mpaka amkiri kwa kauli yake. Kwa Washafii, ambao ndio wengi wa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, hutosha kwa kawaida bwana kukiri kwamba alimwingilia. Waibadhi wa nyumba ya kifalme ya Zanzibar nao walimhesabu mtoto wa suria kuwa huru na mrithi. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, aliacha watoto 36 kwa simulizi ya binti yake Salme, wote wa masuria. Miongoni mwao Majid na Barghash walikuja kukikalia kiti cha Zanzibar.

Lakini kitanda cha suria kilisimama juu ya kauli ya bwana. Kijakazi ambaye bwana wake alinyamaza hakuwa na ushahidi wa kumtosha kadhi, hata mwanawe angefanana na bwana huyo kama shilingi kwa ya pili. Mtoto huyo alirithi utumwa wa mama yake.