Mwezi Uliosikika Redioni: Pwani Ilivyolipa Anga Lugha

Neil Armstrong alipoukanyaga mwezi, Tanga ilikuwa saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri, Jumatatu ya Julai 21, 1969. Ni wakati ambao waumini hutoka msikitini na wavuvi wa usiku huelekeza omo nyumbani. Aliyeinua macho kuutafuta huo mwezi wenyewe hakuuona. Ulikuwa mwezi mchanga, haujatimia nusu, na ulikwishazama tangu usiku upande wa milima ya Usambara. Aliyetaka kujua yanayotendeka huko juu hakuwa na pa kwenda ila redioni.

Televisheni hatukuwa nayo. Zanzibar ilizindua ya kwake mwaka 1973, na Bara tukasubiri hadi 1994. Kwa hiyo enzi yote ile ya safari za anga, tangu Sputnik mpaka miguu ya watu kutua mwezini, ilitufikia kwa sikio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza Juni 27, 1957, na Oktoba 4 ya mwaka uleule Warusi wakarusha Sputnik. Moscow, Washington na Cologne nazo zikawa na Kiswahili chao hewani, kila mmoja na sababu zake za kutusimulia mbingu.

Jambo hili la sikio ndilo ninalolishikilia. Mtangazaji asiye na picha hana budi kuazima picha iliyomo tayari kichwani mwa msikilizaji. Na Kiswahili, kilipoulizwa kina picha gani za safari ya mbali, ya hatari, ya kuacha nchi kavu na kutojua kama utarudi, kilikwenda kuzitoa mahali pamoja tu: baharini.

Anzia na neno chombo. Mtu wa Sahare au Kigombe akikwambia "chombo kimeingia", hana haja ya kuongeza kitu. Ni jahazi au mashua. Chombo cha angani ni jahazi lililoongezewa anga. Rubani naye, kabla hajapanda ndege, alikuwa mjuzi wa mlango wa bandari, mtu anayepanda meli ya wageni na kuipitisha penye kina, mbali na miamba. Yuri Gagarin alipoizunguka dunia Aprili 12, 1961, neno la kumwita lilikuwa limekwisha kaa tayari karne nyingi. Mwanaanga amefuata nyayo za mwanamaji. Mawimbi ya redio ni mawimbi. Mtu asiye na uzito ndani ya chombo huelea, kama dau linavyoelea, na vyombo viwili vikikutana huko juu utamsikia mtangazaji akisema kimoja kimetia nanga kwenye kingine.

Tena Tanga ilikuwa na faida yake katika kuielewa safari ya Apollo 11. Kwa miaka mingi bandari yetu ilikuwa bandari ya matishari. Meli kubwa haikuweza kufika gatini. Ilitia nanga nje, na matishari yakaenda kuchukua mzigo na kuurudisha. Sasa msikilize mtangazaji akieleza kwamba Michael Collins alibaki katika chombo kikubwa akiuzunguka mwezi, huku Armstrong na Buzz Aldrin wakishuka kwa chombo kidogo, kisha wakarudi kuungana naye. Kuli wa bandari ya Tanga hakuhitaji kuchorewa. Meli nangani, tishari gatini.

Neno kutua ndilo ninalolipenda kuliko yote. Hutua ndege, hutua jua, hutua mchukuzi anapoushusha mzigo kichwani na kushusha pumzi. Lugha nyingine zililazimika kufikiri namna ya kusema mtu amefika mahali pasipo na nchi ya kawaida. Sisi tulisema ametua, na ndani yake mlikuwa tayari na uchovu wa njiani.

Lakini si kwamba anga lilikuwa mbali nasi wakati wote. Ng'ambo tu ya mkondo, Unguja, Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia safari za mradi wa Mercury, Tunguu, katika mtandao wa vituo 18 uliouzunguka ulimwengu. Februari 20, 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, katika mzunguko wa kwanza, alipovuka bara la Afrika, sauti yake ilipokewa Kano, Nigeria, kisha Zanzibar, halafu akaingia juu ya Bahari ya Hindi na usiku. Watu wa Pangani waliokuwa nyumbani jioni hiyo, au waliokuwa mashuani wakielekea Unguja, walipitiwa juu ya vichwa vyao na mtu wa kwanza wa Marekani kuizunguka dunia.

Kituo hicho kilizua ugomvi, na sehemu ya ugomvi ilikuwa ya neno. Wapinzani wake, wakiwamo wa chama cha ZNP, ambacho watu wa Visiwani walikiita Hizbu, walikiandamania wakihofia kuwa ni kambi ya roketi za vita. Kikazi, mitambo ya Tunguu ilikuwa ya kusikiliza na kuzungumza na chombo kilicho juu, hapakurushwa kitu. Hofu yao hata hivyo haikuwa ya kipumbavu. Roketi inayombeba mwanaanga na roketi inayobeba bomu zilitoka katika karakana zilezile. Glenn mwenyewe alipandishwa na Atlas, iliyoundwa kwanza kuwa kombora. Kiswahili chenyewe mpaka leo kinasitasita hapo. Soma habari yoyote ya urushaji na utaona kurusha, kufyatua, roketi na kombora vikibadilishana viti katika aya moja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wataalamu wa Kimarekani waliondoka na serikali mpya ikataka kituo kiondolewe, kikaondolewa mwaka huohuo.

Jina la mradi ule, Mercury, linanirudisha kwenye jeraha moja la lugha yetu. Pwani hii ilikuwa na majina ya sayari kabla ya darubini yoyote kufika. Manahodha na masheikh wa falaki walizijua tano zinazoonekana kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Mercury ni Utaridi. Hakukuwa na shaka wala mjadala. Nyota walizitumia kwa njia na kwa kilimo. Kilimia kikizama na kuzuka, watu wa nyuma ya Tanga walijua mvua iko wapi na jembe litolewe lini.

Kisha zikaja shule zikitaka sayari tisa, kwa Kiswahili, kwa haraka. Uranus, Neptune na Pluto hazikuwa na majina ya pwani, maana jicho tupu halikuzifikia kiasi cha kuzijua. Waandishi wa vitabu wakalifungua sanduku la falaki bila kumwita mwenye sanduku. Wapo wanafunzi wa Tanzania waliofundishwa kwamba Mercury ni Zebaki, ambayo ni jina la madini ya majimaji ya kwenye kipimajoto. Utaridi, lililobaki bila kazi, likapelekwa kwa Pluto, mwisho kabisa wa safu, mbali na jua lililozoea kukaa nalo. Zohali likapewa Uranus. Saturn ikaitwa Sarateni, ambalo katika buruji za pwani ni kaa, kundi la nyota. Neptune ikapewa Kausi, ambayo ni upinde, kundi jingine la nyota. Kila nikikutana na orodha hiyo huwaza mzee wa Mtang'ata aliyejua kuipata Zohali kwa kidole, akimsikiliza mjukuu wake akikariri. Si kosa la mtoto. Ni kosa la kudhani kwamba elimu ya nyota ilifika pwani pamoja na ubao na chaki.

Na kama kuna mahali ambapo dhana hiyo ingepaswa kufa mapema, ni Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, na aliyefanya kazi ya ukarani forodhani na baadaye katika ofisi ya upimaji ardhi hapa Tanga, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, miaka sita kabla ya Sputnik. Nchi ya Kusadikika iko angani. Wajumbe wake sita hutumwa kila upande wa ulimwengu, mmoja juu na mmoja chini, na hurudi na maarifa ambayo watawala hawayataki. Shaaban Robert hakuwa akitabiri roketi. Alikuwa akiuzungumzia utawala wa wakati wake kutoka mahali ambapo mkono wa mkaguzi haukufika. Lakini kwa kufanya hivyo aliwazoesha wasomaji wa Kiswahili kuifikiria anga kama mahali penye sheria, kesi, mashahidi na safari za kwenda na kurudi. Mtu aliyeisoma Kusadikika shuleni hakushtuka aliposikia kwamba watu wametumwa juu. Alitaka kujua tu kama watasikilizwa wakirudi. Mwandishi mwenyewe alifariki Juni 1962, miezi minne baada ya sauti ya Glenn kupita juu ya pwani yake.

Hadi hapo lugha ilikuwa ikipokea kazi. Desemba 12, 1970 ikatoa jina. Kaskazini mwa Malindi, katika ghuba ya Ungwana, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walikuwa wamesimamisha baharini jukwaa la San Marco, lenye miguu ya chuma mithili ya mitambo ya kuchimbia mafuta. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi. Siku hiyo, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya Scout ilipandisha setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Mkuu wa mradi huo, Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji.

Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na uchunguzi wake wa Cygnus X-1 ulisaidia kuwashawishi wataalamu kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Wanafizikia wa Tokyo na Moscow wanaotaja orodha ile hulitamka neno ambalo mwaka 1961 lilipigiwa kelele hapa Tanga mpaka sauti zikakauka. Tayari mwaka 1966 Wamarekani walikuwa wamelipindua kidogo, wakampa afisa mwanamke Mweusi jina la Uhura katika tamthilia yao ya televisheni ya Star Trek. Lakini ile ilikuwa tamthilia. Setilaiti ilipanda kutoka maji yetu, na wavuvi wa Ngomeni, jirani na lile jukwaa, waliisikia ikiondoka.

Tulipozipata setilaiti majumbani, miaka ya 1990, lugha ilifanya jambo jingine, na safari hii haikwenda baharini, ilikwenda jikoni. Lile bakuli kubwa lililowekwa juu ya bati likaitwa dishi, na wengi wakaliita ungo. Kwa sura hakuna cha kubishia: duara, limebonyea, limeinamishwa kama la mama anayepeta mchele. Lakini Tanga neno ungo halina maana moja. Ungo ndicho chombo cha wachawi, wanachosafiria usiku bila taa wala kelele, na anayeanguka nacho alfajiri uani kwa mtu huwa habari ya mji mzima. Aliyeliita dishi ungo alijua anachosema. Kitu cha duara juu ya paa, kinacholeta ndani ya nyumba sauti na sura za watu walio maelfu ya maili: kwa mtu wa Chumbageni, hilo jambo lilikuwa na jina la zamani. Sikiliza pia jinsi mwanaanga anavyokaribiana na mwanga, yule anayewanga usiku. Sidai kwamba ni neno moja. Nasema tu kwamba sikio la pwani haliwezi kuyasikia yote mawili bila kugeuka.

Mitambo ya analojia ilipozimwa Tanga mwanzoni mwa 2013, kikaja king'amuzi, kutoka kung'amua, kulitambua lililofichika. Wengine husema kisimbuzi. Wanaojaa katika vibanda umiza Jumamosi jioni kutazama mpira wa Uingereza wanajua tu kwamba king'amuzi kikikatika, mwenye kibanda atakoma. Na mpira huo siku hizi hurushwa mubashara, neno ambalo miaka ishirini iliyopita ungelisikia kwa nadra sana.

Setilaiti zimefika hata baharini: katika diko la Deep Sea hapa Tanga, jipiesi (GPS) sasa ni neno la kawaida kama dira, na nahodha kijana huifuata mpaka kwenye mwamba wa samaki ambao babu yake aliupata kwa kulinganisha kilele cha mlima na mnara. Baba yake angali anatazama juu kabla ya kutweka tanga.

Lipo neno moja la bahari ambalo bado halijapanda. Chombo kipya cha majini hakirushwi, hushuliwa. Husomwa dua, watu hukisukuma kwa nyimbo hadi kinaposhika maji, na wale waliokitengeneza husimama kimya kuona kama kitakaa sawa. Kenya ilipopeleka setilaiti yake ya Taifa-1 Aprili 15, 2023, watangazaji walisema imerushwa. Siku Tanzania itakapopeleka ya kwake, ningependa kumsikia mtangazaji mmoja, hata mmoja tu, akisema imeshuliwa.