Moteri ya Okaziyo na Barabara ya Bunagana: Nani Alikuwa Mdhamini?

Kwenye garaji za Kiwanja, gari likishakufa moteri, swali la kwanza ni la bei. La pili ndilo linaloleta kelele: "Ile moteri utaitoa kwa nani?" Wasomi wengi wanaomaliza lisansi bila kupata kazi wanajiunga watatu ao wanne, wananunua Corolla ao Dyna iliyolala kwa bei ya chini, halafu wanatafuta moteri ya okaziyo, yaani iliyokwisha kutumika ng'ambo, ili gari lianze kupiga Kiwanja–Goma. Akiba ya watu wanne inakuwa ndani ya chuma kimoja ambacho hakuna kati yao aliyekiona kikizunguka. Ndiyo maana jina la mwuzaji linajadiliwa kuliko rangi ya gari.

Swali hilo lina historia yake, na historia hiyo imepita karibu yote kwenye barabara moja: ile inayotoka Mombasa, inapita Nairobi, Kampala, Kabale na Kisoro, inavuka Bunagana, inafika Rutshuru na kwetu.

Tuanzie zamani kidogo. Wakati wa ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, Rutshuru ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa, na kahawa ilihitaji kamyo. Piesi zilitoka kwa nyumba za biashara za Wabelgiji, Wagiriki na Wahindi. Bei ilikuwa kali na ulingoja muda mrefu, lakini mdhamini alijulikana: nyumba yenye bango, yenye vitabu vya hesabu, yenye mlango unaoweza kuurudia kesho. Moteri ya okaziyo haikuwa biashara ya kusemwa sana. Mtu alitengeneza ile aliyokuwa nayo.

Kisha ncha mbili za barabara zikakatika karibu pamoja. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Ndio walioshika sehemu kubwa ya biashara ya Kampala, piesi za magari zikiwa ndani. Miezi 16 hivi baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zairianisation: maduka, mashamba na depo za wageni zikagawiwa kwa Wazairwa, wengi wao watu waliokuwa karibu na utawala. Wengine waliuza stoki iliyokuwepo wakafunga. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka, na pesa ya kigeni ya kuagiza vitu vipya ikawa adimu. Kwa maoni yangu hapo ndipo moteri ya okaziyo ilipozaliwa kwetu. Tunapenda kuieleza kwa umaskini peke yake, lakini tulikuwa maskini hata kabla. Kilichobadilika ni kwamba yule mdhamini mwenye bango aliondolewa kwa amri, huku Kampala na huku Kivu, na hakuna aliyewekwa mahali pake.

Nafasi yake ilichukuliwa na msafiri. Miaka ya 1970 na 1980, wafanyabiashara wa Butembo, Beni na Rutshuru walivusha kahawa na dhahabu kuelekea mashariki bila kuzipitisha duane, na wakarudi na magari, piesi na vitu vya kujengea. Mwenzetu Vwakyanakazi Mukohya aliichambua biashara hii ya Kivu Kaskazini katika kitabu The Real Economy of Zaire, kilichohaririwa na Janet MacGaffey mwaka 1991. Kila mwanafunzi wa uchumi hapa angepaswa kukisoma kabla ya kuandika TFC juu ya "informeli". Biashara ya namna hiyo haina faktiri inayoweza kupelekwa mahakamani. Mtu aliaminiwa kwa sababu watu waliijua familia yake, kanisa lake na shamba la baba yake. Akikuletea moteri mbovu, ulikuwa unajua pa kwenda kukaa mpaka akusikilize.

Upande wa Kampala pia mdhamini wa zamani alirithiwa na soko. Kisekka Market, lililopewa jina la Samson Kisekka, waziri mkuu wa Uganda tangu 1986 hadi 1991, likawa jina ambalo kila fundi wa Rutshuru analijua hata kama hajavuka mpaka siku moja. Mtu anasema tu "nimetuma Kisekka", na wote wameelewa.

Lakini moteri yenyewe ilitoka wapi? Zaidi Japani. Huko sheria ya mwaka 1951 iliweka ukaguzi wa lazima wa magari, unaoitwa shaken: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili. Ukaguzi huo pamoja na kodi zake ni ghali, na mwenye gari lililozeeka kidogo anaona afadhali kuliacha. Mengine yanauzwa nje yakiwa mazima, mengine yanakatwa: moteri peke yake, ao mbele yote ya gari, pamoja na radiateri, nyaya na bwati. (Ile hadithi ya garaji kwamba serikali ya Japani inalazimisha kila moteri itolewe ikifika kilomita fulani haina msingi. Ni maneno ya wauzaji.) Anayenunua mbele nzima analipa zaidi, lakini anapata nyaya zake, kompyuta yake na vipimo vyake, na kwa moteri za kisasa hilo linaokoa wiki nzima ya kubahatisha.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalifikirii. Japani, Kenya na Uganda wanaendesha upande wa kushoto, volani iko kulia. Kongo tunaendesha kulia. Gari lako likiwa lilitoka Ulaya ao Dubai, lina volani ya kushoto, na moteri ya Kisekka ilitoka kwenye gari la volani ya kulia. Bloki ni ile ile, lakini bomba la moshi linaweza kugonga mhimili wa volani, na nyaya zinaweza kuwa fupi upande usiotakiwa. Ndiyo sababu moja ya watu wa Goma na Butembo kuelekea Dubai na Sharjah, ambako magari yana volani ya kushoto kama yetu. Mwaka 2000 Dubai ilifungua eneo maalum la magari yaliyotumika huko Ras Al Khor. Njia ni ndefu zaidi, na mwuzaji wa kule hamjui baba yako.

Vita vilileta swali lingine. Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu waliingia kutoka Rwanda, na nyuma yao mashirika na magari yao mengi. Vita vilipofika mwaka 1996, mengi ya magari hayo yaliporwa. Kuanzia hapo haikutosha tena kuuliza kama moteri inafanya kazi. Ilibidi kuuliza ni ya nani. Namba iliyopigwa kwenye bloki, ambayo zamani hakuna aliyeitazama, ikawa ya kusomwa kwa tochi. Ukiikuta imekwanguliwa, acha hiyo moteri hata kama inaimba vizuri. Siku utakaposimamishwa na karatasi zisizolingana na bloki, mwuzaji hatakuwepo. Halafu Januari 17, 2002, Nyiragongo ikamwaga lava katikati ya Goma, na wafanyabiashara wengi wakapoteza depo nzima kwa siku moja.

Kwa hiyo leo mdhamini ni nani? Kwetu Kiwanja, kwa kweli, ni fundi. Ndiye anayepiga simu Kampala, ndiye anayesema "Papa, hii moteri iko muzuri, haiyafunguliwa hata siku moja." Namheshimu fundi, kazi yake ni ngumu na wengi wao ni waaminifu. Lakini desturi imemweka mahali pagumu: mwenye gari anamlipa kazi, na mwuzaji anampa komisio. Mtu mmoja anakula pande mbili halafu anaombwa kuwa shahidi. Usimtukane, muulize tu mbele ya wenzako anapata ngapi kwa mwuzaji. Anayejibu wazi ni wa kufanya naye kazi.

Na ile "haiyafunguliwa" inaweza kupimwa. Boliti za kulasi zilizowahi kufunguliwa zinaonyesha alama za ufunguo, na gundi mpya inatokeza pembeni ya kifuniko. Moteri iwashwe ikiwa baridi kabisa, si baada ya mwuzaji kuipasha moto asubuhi. Ya mazuti ikitoa moshi wa buluu inakula mafuta yake. Ukifungua kifuniko cha mafuta ukakuta kitu kama maziwa, maji yameingia. Mashine ndogo ya kupima kompresio inauzwa bei ya chini kuliko tikiti ya kwenda Kampala na kurudi, na kundi la watu wanne linaweza kuinunua. Halafu neno "garanti" lielezwe kwa siku na kwa kazi. Wauzaji wengi wakisema garanti wanamaanisha kwamba itawaka. Kama itapanda milima ya Rugari na mzigo ni neno lingine, na liandikwe.

Sababu moja inayofanya 1HZ ya Land Cruiser, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo, ipendwe hivi huku kwetu ni hiyo hiyo: pompu yake haina kompyuta, kwa hiyo fundi wa kijijini anaweza kuisikiliza na kuihukumu. Moteri ambayo shahidi anaielewa ina bei yake.

Juni 2021, Marais Museveni na Tshisekedi walizindua mradi wa barabara ambao ndani yake kulikuwa na Bunagana–Rutshuru–Goma, kilomita 89. Wengi walihesabu kwamba moteri ingetoka Kisoro hadi Kiwanja kwa asubuhi moja. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ikaingia mikononi mwa M23, mwisho wa Oktoba ikawa zamu ya Rutshuru na Kiwanja, na Januari 2025 Goma. Karatasi ya mpaka iliyotolewa chini ya utawala mmoja inaweza kukataliwa kwenye kizuizi cha mwingine, kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya gari linalopanda hadi Butembo inabidi aulize stempu ni ya nani, pamoja na hali ya kulasi. Benki za Goma zilipofungwa, pesa ilihamia kwenye simu na mikononi mwa wasafiri. Siku hizi wengine wanagawa malipo mara tatu: sehemu moteri ikionekana inazunguka kwenye video ya moja kwa moja, sehemu ikifika Bunagana, na iliyobaki ikishamaliza safari moja ya Goma na kurudi. Wauzaji wa Kampala wanaokubali masharti hayo ni wachache, na namba zao za simu zinalindwa Kiwanja kama vile zamani zilivyolindwa njia za kahawa.